Tepu Iliyong'oa Rangi: Uchambuzi wa Gari Moja Lililotoka Uwanjani

Gari linalohusika ni la michezo, la milango miwili, lenye rangi ya buluu iliyokoza, ambalo mwenyewe hulitumia kwa safari za kawaida na mara mojamoja hulipeleka kwenye uwanja wa mbio, katika siku ambazo madereva wasio washindani huruhusiwa kuendesha. Nia yake ilikuwa kulikimbiza gari mahali panapostahili, kisha kurudi nalo nyumbani bila jeraha. Kwa hiyo, jioni ya kuamkia siku hiyo, alilifunika upande wa mbele kwa tepu ya karatasi ya mafundi rangi: bampa lote, theluthi ya mbele ya boneti, taa zote mbili na migongo ya vioo vya pembeni. Alipoibandua tepu hiyo, siku mbili baada ya kutoka uwanjani, rangi ya bampa ilitoka nayo katika sehemu mbili, boneti ilibaki na mstari uliofifia, taa ya kulia ilikuwa imegandiwa na gundi, na nyuma, ambako hakuwa amebandika chochote, madigadi yalikuwa na alama mpya za kokoto.

Kinachokifanya kisa hiki kistahili kuchambuliwa ni kwamba hasara iliyo ghali kuliko zote haikuletwa na uwanja, bali na kinga yenyewe. Wapenzi wa magari wanapojadili suala hili hubishana zaidi juu ya unene: kama tepu inatosha, kama utando wa plastiki ni bora, kama dawa ya kupuliza inayobanduka baadaye ina nguvu kuliko vyote viwili. Unene una nafasi yake, na tutauona. Hata hivyo, kwa maoni yangu, maswali yanayoamua mambo ni mengine mawili, nayo ni kinga imebandikwa juu ya nini, na itakaa hapo kwa saa ngapi.

Kwanza ni vyema kufahamu rangi inapambana na nini. Rangi ya kiwandani, ukijumlisha praima (tabaka la chini linaloishikisha rangi), rangi yenyewe na tabaka la juu linalong'aa ambalo mafundi huliita klia, kwa kawaida ina unene wa mikroni 100 hadi 150, na kati ya hizo klia huchukua takriban 40 au 50. Mikroni 1000 ndizo hufanya milimita moja, kwa hiyo tunazungumzia ngozi nyembamba sana. Kokoto ya gramu 2 iliyorushwa hewani, ikikutana na gari lenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa, hugonga kwa nishati inayokaribia jouli 0.6, gari likiwa na mwendo wa kilomita 180, nishati hiyo hufika jouli 2.5. Mwendo umezidi mara mbili, pigo limezidi mara nne. Ndiyo maana gari lililozunguka barabarani miaka kadhaa bila alama ya maana linaweza kupata alama nyingi katika mchana mmoja tu wa uwanjani.

Kokoto si adui pekee. Matairi laini yakipata joto humeguka, na vipande vyake hulala pembezoni mwa mstari ambao magari hupitia. Dereva akitoka kidogo kwenye mstari huo, matairi yake yenye joto huviokota na kuvirusha, ama kwa gari la nyuma ama kwenye ubavu wa gari lake mwenyewe. Gari linaloteleza nje ya lami hurudi likiwa limebeba mchanga na changarawe, ambavyo humwagika kwenye kona inayofuata. Breki nazo hutoa chembe za chuma zenye moto zinazonasa kwenye rangi na baadaye kutoa vidoa vya kutu. Kila kimoja kati ya vitu hivi kinadai kinga ya namna yake, na tepu ya karatasi hukizuia kimoja vizuri na kingine vibaya.

Bahati nzuri mwenye gari hakuitupa tepu yote. Alikuwa ameisokota na kuitia mfukoni, na vipande kadhaa vilikubali kunyooshwa tena mezani. Kwa mchambuzi, tepu iliyotumika ni ushahidi wenye faida kuliko maelezo ya dereva, kwa kuwa inaonyesha mapigo yote, yakiwemo yale ambayo rangi haikuyahisi. Kipande kilichotoka kwenye ukingo wa mbele wa boneti kilikuwa na michirizi mieusi ya mpira iliyoishia juu ya karatasi. Kilikuwa na vibonyeo vingi vidogo, kama vya ncha ya kalamu, ambavyo havikupasua kitu. Na kilikuwa na matundu machache yenye kingo zilizochanika kuelekea nyuma. Tulipokilaza kipande hicho mahali pake kwenye boneti, chini ya michirizi hapakuwa na kitu, chini ya vibonyeo hapakuwa na kitu, ila chini ya karibu kila tundu klia ilikuwa na alama nyeupe, na tundu moja lilikuwa limefika kwenye praima.

Hayo ndiyo matarajio ya haki kwa tepu ya karatasi. Ina unene wa mikroni 120 hadi 150 hivi, lakini karatasi hainyumbuki. Hupasuka inapozidiwa, na haina uwezo wa kulisambaza pigo kama ufanyavyo utando wa poliyurethani, plastiki inayonyumbuka, ambao huwa na mikroni 150 hadi 200 na hubonyea kisha ukarudi. Tepu inazuia mchanga, mpira, wadudu na vijiwe vidogo. Jiwe kubwa itapunguza makali yake tu. Anayetaka zaidi ya hapo anahitaji kitu kingine, lakini boneti hii ilipata kilichostahili kupatikana.

Sasa tuje kwenye bampa, ambako ndiko kiini cha kisa kilipo. Bampa hili lilikuwa limepulizwa rangi upya wiki tatu kabla, baada ya kukwaruzwa kwenye maegesho. Mwenye gari alidhani kwamba rangi mpya, kwa kuwa ni mpya, ndiyo inayohitaji kulindwa kuliko zote, na kwa hiyo alibandika tabaka mbili za tepu pale ambapo boneti ilipata moja. Mawazo hayo yanaeleweka, lakini yanakwenda kinyume na tabia ya rangi. Rangi iliyopulizwa karakana huendelea kutoa viyeyushi kwa muda baada ya kuonekana kavu kwa mkono, na ndiyo sababu watengenezaji wa utando wa kinga kwa kawaida hushauri kusubiri siku 30 hadi 90 kabla ya kubandika chochote juu yake. Ukiifunika mapema unazuia viyeyushi kutoka, na ukibandua unaivuta kabla haijashika sawasawa.

Hata hivyo, wiki tatu peke yake hazitoshi kueleza kilichotokea. Vipande vya rangi vilivyobaki kwenye tepu, kila kimoja chenye ukubwa wa kucha ya kidole gumba, vilipogeuzwa vilionyesha upande wa chini wa rangi ya kijivu, yaani praima nzima imetoka pamoja na rangi. Pale vilipotoka palikuwa na plastiki nyeusi tupu, laini, inayong'aa kidogo, bila mikwaruzo ya msasa. Mambo hayo mawili yakiwekwa pamoja yanatoa jibu la wazi: kilichoachia ni mshiko kati ya plastiki na praima. Rangi na praima zilishikana vizuri kabisa. Mabampa mengi hutengenezwa kwa plastiki ya jamii ya polipropilini, ambayo kwa asili haipendi kushikwa na rangi, na bila kusuguliwa msasa na kupakwa kwanza dawa maalumu ya kushikisha, praima hukaa juu yake kwa muda tu, ikisubiri sababu ya kutoka. Sababu hiyo ingeweza kuwa maji ya mtambo wa kuoshea magari wenye nguvu. Safari hii ilikuwa tepu.

Je, tunajuaje kwamba kosa halikuwa la tepu? Kisa chenyewe kinatupa ulinganisho. Tepu ya buluu, ile inayotengenezwa ili ibanduke bila kuacha alama, ilimwishia njiani, na upande wa kulia wa mbele akaumalizia kwa tepu ya bei rahisi ya rangi ya maziwa. Kipande kimoja cha rangi ya bampa kilitoka chini ya tepu ya buluu, cha pili chini ya ile ya maziwa. Kwenye boneti, ambayo rangi yake ni ya kiwandani, tepu zote mbili zilikaa kwa saa zilezile, zikapigwa na jua lilelile, na hakuna hata chembe iliyotoka. Aina ya tepu ilibadilika bila matokeo kubadilika. Rangi ya chini ilipobadilika, matokeo yalibadilika. Kwa hiyo swali la bampa lilikuwa limeshaamuliwa karakana, kabla gari halijafika uwanjani.

Taa inasimulia kinyume chake. Huko aina ya tepu ndiyo iliyoleta madhara, ikisaidiwa na joto. Taa za gari hili ni za halojeni, ambazo zikiwaka hutoa joto jingi, nazo zimewekwa kujiwasha zenyewe giza linapoingia. Gari lilipopita kwenye kivuli kirefu lilijiwasha taa, na dereva hakugundua kwa kuwa mbele kulikuwa kumezibwa. Taa ya kushoto, iliyofunikwa kwa tepu ya buluu, ilitoka safi. Ya kulia ilibaki na utando wa gundi ya kahawia, kwa kuwa tepu za bei rahisi mara nyingi hutumia gundi ya mpira, ambayo ikipata joto hulainika, hupenya kwenye kila kijishimo, kisha hugandia hapo karatasi ikienda zake. Mwenye gari alikuwa tayari ameshika kopo la thina. Ni heri aliuliza kwanza, kwa sababu vioo vya taa za kisasa si vioo bali ni polikaboneti, na viyeyushi vikali huiletea ukungu na nyufa ndogondogo zisizoondoka. Gundi ile ilitoka kwa spiriti ya isopropili, kitambaa laini na uvumilivu.

Kwa kusema kweli, sababu ya zamani ya kufunika taa haikuwa kuzilinda. Taa zilipokuwa za kioo halisi, tepu ilizuia vigae visimwagike kwenye lami na kukata matairi ya wenzako. Pale ambapo uwanja bado unadai hivyo hakuna mjadala. Pale ambapo haudai, utando wa plastiki angavu unafaa zaidi, kwani hauzuii mwanga wala haugeuki gundi. Na vyovyote itakavyokuwa, swichi ya taa iwekwe kwenye kuzimwa kabisa.

Mstari uliofifia kwenye boneti ulikuwa na upana wa kidole na ulikwenda sambamba na ukingo wa tepu ya pili kutoka mbele. Mwenye gari alianza kubandika kutoka puani akielekea kwenye kioo, na kila kipande kilichofuata kikalalia kile cha mbele yake. Kwa njia hiyo kila ukingo uliachwa ukitazama upepo. Inapasa kufanywa kama wafanyavyo waezekaji wa mabati, ambao huanza chini ili bati la juu lilalie la chini na maji yasipate mlango. Kwenye boneti upepo hutoka mbele, basi huanzwa nyuma, na kipande cha mwisho kabisa ndicho cha puani. Ukingo unaotazama upepo huinuka, huanza kupigapiga, huingiza vumbi, na kuanzia hapo tepu hugeuka msasa unaosugua klia kwa muda wote gari linapokimbia.

Mambo mengine mawili yalichangia. La kwanza, boneti ilifutwa kwa kitambaa kikavu badala ya kuoshwa, hivyo vumbi lilikuwa chini ya tepu tangu mwanzo. La pili lina utata zaidi: asubuhi ya siku ya kubandika alikuwa ameipaka nta, kwa ushauri wa mwenzake aliyemwambia kwamba tepu hubanduka kirahisi juu ya nta. Mwenzake hakukosea. Ila kinachobanduka kirahisi kwa mkono hubanduka kirahisi pia kwa upepo wa kilomita 180 kwa saa. Njia ya kati ni kuiacha nta eneo lote la ndani, kisha kufuta kwa spiriti ya isopropili ule ukanda mwembamba ambapo kingo za nje zitakaa, ili kingo zishike na katikati paachie. Kufifia kwenyewe kulikuwa kwa juu juu tu, na kuliondoka kwa kupigwa polishi.

Ubavuni na nyuma mwenye gari alikuwa hajafikiria kabisa, kwa kudhani kwamba hatari hutoka mbele. Matairi ya mbele hurusha kila yanachookota kuelekea nyuma, na mwili wa gari hili hutanuka kwenye magurudumu ya nyuma, kwa hiyo sehemu ya chini ya milango na ukingo wa mbele wa madigadi ya nyuma hukaa katikati kabisa ya njia ya vitu hivyo. Mwanzoni eneo hilo lilitisha kwa michirizi myeusi, lakini mingi ilikuwa mpira tu, ikatoka kwa dawa ya kuondoa lami bila kusuguliwa. Ilipotoka ndipo alama halisi zilipoonekana, na nyingine zilikuwa zimefika kwenye bati. Hizo zilijazwa rangi mapema, kwa kuwa bati lililo wazi halingoji kushika kutu.

Ni muhimu pia kutaja kwamba dereva alikaa muda mrefu nyuma ya gari la rafiki yake, karibu sana, ili ajifunze mistari anayoipita kwenye kona. Njia hiyo ya kujifunza ina faida zake, lakini anayeifuata hula kila kinachorushwa na aliyetangulia. Kuachia nafasi kubwa zaidi kungeokoa rangi kuliko tabaka la pili la tepu.

Limebaki suala la saa. Tepu ilibandikwa jioni, ikalala na umande, ikapigwa jua mchana kutwa juu ya boneti yenye injini ya moto, ikarudi nyumbani, kisha ikaachwa hadi mwenye gari alipopata nafasi. Alijitetea kwa maandishi ya kwenye boksi yanayosema kwamba tepu hiyo hubanduka safi hata baada ya siku 14. Maandishi hayo yameandikwa kwa ajili ya kuta na fremu za madirisha. Hayakuandikiwa bati linalopashwa moto kutoka chini na jua kutoka juu. Na alipobandua, alibandua asubuhi ya baridi, kwa kuvuta juu haraka haraka. Gundi ikiwa baridi huwa ngumu, na mvuto wa ghafla huipeleka nguvu yote kwenye rangi. Tepu hubanduliwa bati likiwa na uvuguvugu ambao mkono unaustahimili bila taabu, kwa kuikunja ijirudie yenyewe, karibu kulala juu ya bati, na kwa mwendo wa pole. Bora zaidi ni kubandika pale pale uwanjani asubuhi, juu ya rangi iliyooshwa na kukauka, na kubandua alasiri kabla ya kuanza safari ya kurudi, injini ikiwa imeshapoa kiasi. Kwa njia hiyo kinga hukaa saa chache tu.

Je, angefanya vizuri zaidi kwa kitu kingine? Dawa ya kupuliza inayobanduka ingefunika madigadi na bampa bila viungo vya kuinuliwa na upepo, lakini inadai tabaka kadhaa nene, kwani ikiwa nyembamba hukatikakatika vipande vidogo wakati wa kubandua, na kwenye bampa hili ingevuta rangi kama tepu ilivyovuta. Vitambaa vya ngozi bandia vinavyofungwa puani mwa gari vipigwe marufuku uwanjani, maana hupigapiga na kusugua bila kukoma. Dawa ya seramiki inayopakwa juu ya rangi, ambayo wengi huitaja kwanza, ina unene wa mikroni chache mno; husaidia mpira na vumbi la breki kuoshwa kwa urahisi, ila kokoto haiitambui. Uamuzi wowote utakaofanywa, matundu ya rediata na ya kupozea breki hayafunikwi hata kwa kipande kidogo, wala sensa zilizo kwenye bampa.

Utando wa kudumu wa poliyurethani ndio niliompendekezea kwa madigadi ya nyuma na sehemu ya chini ya milango, kwa kuwa rangi ya huko ni ya kiwandani, mapigo ya huko ni makali, na umbo lake halipendi tepu. Boneti iendelee na tepu ya buluu, kwa mpangilio na kwa saa zilizoelezwa. Bampa halitibiki kwa kuziba sehemu mbili zilizobanduka, kwa maana mshiko uliokosekana hapo umekosekana kote. Linapaswa kusuguliwa hadi kwenye plastiki, kupakwa dawa ya kushikisha, praima, kisha rangi. Kama atarudi uwanjani kabla rangi hiyo haijakomaa, bampa litakwenda wazi, kwa kuwa alama za kokoto zitazibwa kwa kalamu ya rangi, ilhali bampa lililobanduliwa litamrudisha karakana kwa mara ya tatu.